Wakati wa mlipuko, sindano ya dharura isiwe kazi ya mtu mmoja

Alfajiri moja ya Novemba 2000, Dk. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda, aliitwa mbio wodini. Muuguzi wake mmoja, ambaye naye alikuwa amelazwa kwa Ebola, alikuwa akikohoa damu na kutapatapa. Lukwiya alivaa gauni, barakoa na glovu, akaingia kumsaidia. Macho hakuyafunika. Inaaminika kuwa hapo ndipo alipoambukizwa. Siku chache baadaye homa ilimpanda, na Desemba 5 alifariki dunia.

Huyu hakuwa mtu wa kufundishwa kujikinga. Yeye ndiye aliyeshtuka mapema kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua wauguzi wake haukuwa wa kawaida, akatenga wodi, akawafundisha wenzake namna ya kuvaa na kuvua, na akasimamia utaratibu huo kwa ukali. Mlipuko ule uliwapata watu 425 na kuua 224, na waliouchunguza wanakubali kwamba bila yeye idadi ingekuwa kubwa zaidi. Hata hivyo aliruka hatua moja, kwa sababu mtu anayemfahamu alikuwa anakufa mbele yake na hakuna aliyemshika mkono na kumwambia: daktari, miwani.

Ndiyo maana mjadala kuhusu tiba za dharura wakati wa milipuko unapaswa kuanzia kwa huyo mtu wa pili. Serikali za Afrika Mashariki zinanunua mashine, na zinastahili pongezi kwa hilo. Lakini mashine haimzuii daktari aliyechoka, saa tisa usiku, kumchoma sindano mgonjwa anayetapatapa huku miwani yake imejaa ukungu. Anayeweza kumzuia ni mwenzake aliyepangwa zamu kwa kazi hiyo, na mwenzake huyo hayumo katika bajeti wala katika orodha ya zamu.

Altrasaundi ni mfano mzuri wa jambo hili, kwa kuwa inaokoa na inaweza kudhuru kwa wakati mmoja. Wengi wanaijua kupitia kliniki ya wajawazito. Profesa Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walichapisha matokeo yao ya mwanzo mwaka 1958, na kwa miongo mingi mashine ilibaki ya kutazama tu: mtoto tumboni, ini, figo. Siku hizi inaongoza mikono. Daktari anashika probu, kile kichwa kinachopakwa jeli na kupitishwa kwenye ngozi, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili unashika sindano. Macho yako kwenye kioo. Hivyo ndivyo mrija unavyowekwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo, ndivyo maji yaliyouzingira moyo wa mgonjwa wa kifua kikuu yanavyonyonywa kabla hayajaubana ukasimama, ndivyo usaha au damu inavyotolewa kifuani, na ndivyo ganzi inavyopelekwa hadi kwenye neva ili mfupa uliovunjika urudishwe bila kumpa mgonjwa dawa ya usingizi.

Faida yake imepimwa. Uchambuzi wa taasisi ya Cochrane wa mwaka 2015, uliokusanya tafiti 35 zenye washiriki zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba kuweka mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo kwa kuongozwa na altrasaundi kulipunguza madhara kwa asilimia 71, na ajali za kutoboa mshipa wa ateri kwa asilimia 72. Nafasi ya kufanikiwa kwa jaribio la kwanza iliongezeka kwa asilimia 57. Katika hospitali isiyo na mlipuko, takwimu hizo zinamaanisha mgonjwa kuumia kidogo. Palipo na Ebola au Marburg zinamaanisha jambo la ziada: kila jaribio linaloshindikana ni sindano nyingine yenye damu inayozunguka kati ya vidole vya mtu.

Ugumu wake wanaujua walioishika. Wimbi linalotoka kwenye probu ni jembamba kama mwanga unaopenya ufa wa mlango. Ncha ya sindano ikitoka kidogo nje ya wimbi hilo inapotea kiooni, na daktari anaweza kudhani anaitazama ncha kumbe anatazama katikati ya sindano, na ncha yenyewe imeshafika kwingine. Sasa avae glovu mbili, vidole vipungue hisia. Avae miwani, barakoa na vazi lisilopitisha hewa katika joto la Beni au Bukoba. Kwenye vituo vya Ebola muda wa kukaa ndani ya mavazi kamili huwekewa kikomo cha saa moja hivi, mara nyingi pungufu, kwa sababu baada ya hapo jasho na uchovu huanza kuamua badala ya akili.

Hofu ya sindano wakati wa mlipuko ina historia, na historia hiyo ni ya majirani zetu. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, wauguzi walikuwa wakipewa sindano tano kila asubuhi kwa kazi ya siku nzima. Baada ya mgonjwa mmoja zilisuuzwa kwa maji ya uvuguvugu, kisha zikatumika kwa mwingine. Kati ya watu 318 waliopata ugonjwa, 280 walikufa. Wale ambao ilijulikana wameupata kwa kuchomwa sindano hospitalini, hakupona hata mmoja. Wafanyakazi 11 kati ya 17 wa hospitali hiyo walifariki, na milango ikafungwa.

Miaka 19 baadaye ilikuwa zamu ya mji wa Kikwit, katika nchi hiyohiyo. Fundi wa maabara alifanyiwa upasuaji wa tumbo kwa kudhaniwa kwamba utumbo wake umetoboka. Ilikuwa Ebola, na timu iliyompasua iliambukizwa. Hadi mlipuko ule unamalizika, wagonjwa walifika 315, na 80 kati yao walikuwa wahudumu wa afya. Kupasua kwa kukisia ndiyo hatua ambayo altrasaundi ya kitandani inapunguza: dakika chache za kutazama zinaonyesha kama tumboni mna damu, mna maji, au hamna kitu, na timu nzima haihitaji kusimama juu ya tumbo lililo wazi ili kujua.

Wapo wanaosoma historia hiyo na kuhitimisha kwamba dawa ni kuacha sindano kabisa mlipuko unapoingia. Mgonjwa apewe maji ya kunywa, asubiriwe, Mungu amsaidie. Katika milipuko ya zamani hilo lilikuwa jambo la kueleweka, kwa kuwa hapakuwa na tiba ya kumpa. Sasa ipo, na imetoka Kikwit ileile. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye mwaka 1976 aliwatoa damu wagonjwa wa Yambuku kwa mikono mitupu, alishirikiana na watafiti wa Marekani kupata kingamwili kutoka katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya mwaka 1995. Kingamwili hiyo, mAb114, ilijaribiwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, kuanzia mwaka 2018, katika mlipuko uliogusa Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Walioipata walikufa takriban asilimia 35. Waliopata dawa nyingine, REGN-EB3, takriban asilimia 33. Waliopata ZMapp, karibu nusu yao. Zote hizo huingia mwilini kwa njia moja tu, dripu.

Na dripu inahitaji mshipa. Mtoto aliyeharisha na kutapika kwa siku kadhaa mishipa yake imelala. Muuguzi anachoma mkono wa kulia, anachoma wa kushoto, anahamia mguuni. Ni hapo ambapo altrasaundi inakuwa kinga ya muuguzi na ya mtoto pia. Anayesema sindano ziachwe anasema, bila kukusudia, kwamba dawa zibaki kwenye jokofu.

Rwanda ilichagua njia tofauti. Marburg ilipotangazwa huko Septemba 27, 2024, ugonjwa ulikuwa tayari umeingia katika hospitali za Kigali, na karibu wagonjwa wanne kati ya watano walikuwa wahudumu wa afya wenyewe. Hospitali hazikuwatenga na kuwaangalia tu. Ziliwapa uangalizi kamili wa wagonjwa mahututi, na wagonjwa wawili waliowekewa mipira ya kupumulia walitolewa mipira hiyo wakiwa hai, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilisema halikuwahi kutokea Afrika kwa wagonjwa wa Marburg. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika Desemba 20, wagonjwa walikuwa 66 na waliofariki 15, yaani takriban asilimia 23. Mwezi mmoja baadaye Tanzania ilitangaza Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Wagonjwa walikuwa kumi, wawili waliothibitishwa na wanane waliohesabiwa kwa dalili na uhusiano wao na wenzao. Wote kumi walikufa.

Haki inataka isemwe kwamba sehemu hizo mbili hazilingani. Wengi wa wagonjwa wa Kigali walikuwa vijana, waligunduliwa mapema, na walikuwa mjini karibu na mashine na dawa za majaribio. Wa Biharamulo wengi walishafariki kabla jina la ugonjwa halijajulikana. Lakini funzo la Kigali linabaki: mgonjwa wa homa ya kuvuja damu akipata uangalizi wa mahututi ana nafasi ya kuishi, na uangalizi huo unajengwa juu ya mirija, sindano na mikono inayoingia mwilini. Swali la kama tuzifanye tiba hizo limekwisha. Limebaki la namna ya kuzifanya bila kuzika wauguzi.

Kwa kuwa wauguzi wanazikwa. Katika mlipuko wa Afrika Magharibi wa miaka 2014 hadi 2016, wahudumu zaidi ya 800 waliambukizwa nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone, na zaidi ya nusu yao wakafa. Uganda mwaka 2022, katika Ebola ya aina ya Sudan iliyoanzia Mubende, wahudumu 19 waliambukizwa na saba walifariki. Miongoni mwa waliofariki alikuwemo daktari Mtanzania.

Mashine yenyewe nayo lazima itazamwe kwa jicho la mashaka. Probu inatoka kifuani kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, na hata bila mlipuko imewahi kuua. Mwaka 2012 mamlaka ya vifaa tiba ya Uingereza ilitoa tahadhari baada ya mgonjwa kufa kwa homa ya ini aina ya B, kifo kilichohusishwa na probu ya kupima moyo kupitia umio ambayo haikutakaswa ipasavyo. Mwaka huohuo mamlaka ya Marekani ilizuia jeli ya kampuni moja baada ya wagonjwa 16 wa upasuaji katika hospitali moja ya Michigan kukutwa na bakteria waliotokana na jeli hiyo. Mwaka 2021 ikawa tena, safari hii bakteria wengine, na mamlaka za Uingereza zikasisitiza kwamba jeli ya karibu na sindano iwe ile iliyotakaswa kiwandani, ya kifuko cha matumizi ya mara moja.

Hapa kwetu chupa ya jeli hujazwa upya kutoka kwenye galoni, kisha hujazwa tena, mdomo wake ukigusa ngozi ya kila anayelala kitandani. Penye uhaba wahudumu hupika jeli ya unga wa mahindi au muhogo, na kwa kutazama mtoto tumboni inafanya kazi vizuri. Karibu na sindano inayoelekea kwenye moyo haifai hata kidogo. Kifuko cha jeli iliyotakaswa ni kitu kidogo na cha bei ndogo, na kinapokosekana mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyekiandika kwenye orodha ya manunuzi.

Kisha kuna klorini. Mlipuko unapoingia kila kitu kinanyunyiziwa klorini ya asilimia 0.5, kuanzia viatu hadi vitanda. Kwa sakafu ni sawa. Kwa probu, dawa hiyohiyo inaweza kula mpira laini ulio mbele yake. Mpira ukipasuka, damu inapata ufa wa kujificha, na picha inaharibika. Watengenezaji hutoa orodha ya dawa zinazofaa kwa kila probu, na orodha hiyo inapaswa kubandikwa ukutani kabla ya mlipuko, si kutafutwa usiku wa mgonjwa wa kwanza. Kinga ya kwanza ni kuifunika probu isiguswe kabisa na damu. Kondomu imetumika kwa miaka mingi kufunikia probu na kwa kutazama inatosha, ila haikutakaswa kwa ajili ya upasuaji. Kwa sindano unahitajika mfuko mrefu uliotakaswa, unaofunika probu na waya wake pia. Usipokuwepo, glovu ya upasuaji iliyofungwa kiwandani ni afadhali kuliko kuacha wazi.

Namna ya kufanya kazi hii wakiwa wawili ilielezwa vizuri Italia ilipolemewa na Uviko. Machi 2020, Danilo Buonsenso na wenzake wa Hospitali ya Gemelli, Roma, waliandika katika jarida la Lancet Respiratory Medicine wakishauri kwamba altrasaundi ndogo ya mfukoni ichukue nafasi ya stetoskopu katika kupima mapafu ya wagonjwa. Walitumia probu isiyo na waya na kompyuta bapa, kila kimoja kikiwa ndani ya plastiki yake. Daktari mmoja alimgusa mgonjwa kwa probu. Wa pili hakumgusa mgonjwa. Alishika kompyuta, akasimamisha na kuhifadhi picha. Mkono uliogusa mwili haukugusa kitufe. Jambo dogo, lakini limekata njia nzima ya vijidudu.

Vifaa vya namna hiyo vimeshuka bei. Probu moja maarufu ya kuunganishwa na simu ilipoingia sokoni Marekani iliuzwa chini ya dola 2,000, wakati mashine kubwa za hospitali hugharimu makumi ya maelfu. Udogo wake una maana nyingine kwenye mlipuko: haina matairi, haina mifereji ya vitufe inayokusanya uchafu, na inaweza kubaki ndani ya eneo jekundu, yaani sehemu wanakolazwa wagonjwa wa mlipuko, hadi mwisho bila wodi nyingine kukosa mashine.

Huko Beni mwaka 2018 shirika la ALIMA lilikwenda mbali zaidi. Lililaza wagonjwa wa Ebola katika vyumba vya plastiki angavu viitwavyo CUBE, ambavyo kuta zake zina mikono ya glovu iliyoshonewa humo humo. Muuguzi alimpima mgonjwa na kumwekea dripu akiwa nje, bila mavazi mazito, na ndugu waliweza kumwona mgonjwa wao uso kwa uso. Wengi waliohofia kwamba watu wanaopelekwa kituoni hawarudi waliona kwa macho yao nini kinafanyika humo ndani. Si kila hospitali itakuwa na chumba hicho. Inayoweza kuigwa na kila hospitali ni fikra yake, kwamba usalama umejengwa kwenye mpangilio wa chumba kabla mgonjwa hajaingia.

Mpangilio huo kwa sindano ya altrasaundi unaanzia nje ya mstari mwekundu. Wanaoingia wanakubaliana kwa sauti: tunafanya nini, upande upi, tutajaribu mara ngapi kabla ya kuacha, nani atasema basi. Mara mbili zinatosha kwa wengi. Betri imejaa, picha imeshapangwa kina chake, kioo kimefunikwa plastiki. Mwenye kuchoma awe mzoefu kuliko wote waliopo zamu. Mlipuko si mahali pa mwanafunzi kujifunzia, hata kama ana hamu. Mgonjwa anayetapatapa atulizwe kwa dawa kwanza, kwa sababu mkono wake ukirushwa sindano inabadilisha mwelekeo. Boksi la sindano zilizotumika liwekwe upande wa mkono unaochoma, lisivukishwe kitanda. Sindano isirudishiwe kifuniko.

Kuna hatua mbili ambazo hata waliobobea huzidharau. Ya kwanza ni kuvuta ule waya mwembamba unaoongoza mrija ndani ya mshipa. Ukitoka kwa haraka unachapa kama chemchemi na kurusha matone ya damu usoni. Unatakiwa uvutwe polepole huku ukizungushwa ndani ya kitambaa. Ya pili ni kushona. Mrija umeshaingia, moyo umetulia, watu wanaanza kupumua, na ndipo sindano ya kushonea inapita karibu na kidole kilicholegea. Plasta maalumu za kushikiza mrija bila uzi zipo, na wakati wa mlipuko zingefaa kuwa ndiyo kawaida.

Mtu wa pili anafanya nini muda wote huo? Anabonyeza vitufe. Anatoa vifaa kimoja kimoja. Zaidi ya yote anamtazama mwenzake: glovu imechanika, miwani imeshuka, dakika arobaini zimepita. Ana mamlaka ya kusema simama, hata kama yeye ni muuguzi na anayechoma ni daktari bingwa. Katika hospitali zetu hilo ndilo gumu kuliko kununua mashine. Muuguzi kijana amelelewa kutomkatiza mkubwa wake, na heshima hiyo ina thamani yake wodini siku za kawaida. Ndani ya eneo jekundu utawala wa hospitali unapaswa kuandika waziwazi kwamba neno la mwangalizi linatiiwa kwanza, na maswali yanafuata nje. Hili limewahi kufanyika kwa mafanikio katika jambo linalofanana nalo: huko Michigan, kampeni iliyoongozwa na Dk. Peter Pronovost iliwapa wauguzi mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua wakati wa kuweka mrija wa mshipa mkubwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006, kutoka vyumba 103 vya wagonjwa mahututi, yalionyesha maambukizi ya mirija yakishuka kutoka wastani wa kati wa 2.7 kwa kila siku 1,000 za mirija hadi sifuri.

Usalama pia ni kujua kutofanya. Kabla ya sindano yoyote swali la kwanza ni kama jambo linaweza kusubiri jibu la maabara. Katika mlipuko wa Kivu, mashine za GeneXpert zilizokuwa karibu na vituo zilitoa jibu la Ebola kwa takriban saa mbili baada ya sampuli kuwekwa. Maji ya kifuani ambayo hayajambana mgonjwa yanaweza kusubiri saa mbili. Moyo uliobanwa hauwezi. Kwa mshipa, kuna sindano ya kwenye mfupa wa mguu inayowekwa haraka kuliko mrija wa shingoni, na kwa mtoto aliyekaukiwa huenda ndiyo njia fupi. Altrasaundi ichukuliwe pale inapopunguza hatari, isitumike kwa kuwa tu imenunuliwa.

Na mlipuko hausimamishi magonjwa mengine. Bodaboda zinaendelea kugongana, mimba zinaendelea kutunga nje ya mji wa uzazi, kifua kikuu kinaendelea kujaza maji vifuani. Mama mjamzito anayevuja damu wakati wa Ebola anaangukia katika maelezo ya mshukiwa, na wengi wameachwa nje ya mlango wakisubiri vipimo huku damu ikiisha. Altrasaundi kitandani, ikifanywa na wawili waliovaa kamili, inaweza kuonyesha mimba iliyopasuka ndani ya dakika tano, na mama huyo akaingia chumba cha upasuaji akiwa na timu iliyojiandaa. Hofu isiyo na mpango iliwaua akina mama kama hao katika nchi nyingi, na vifo vyao havikuingia katika hesabu za mlipuko.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la watu: hospitali ina muuguzi mmoja kwa wagonjwa thelathini, mtu wa pili atoke wapi? Ni pingamizi la kweli na linatolewa na watu waaminifu. Lakini tiba hizi si za kila saa. Hospitali ya mkoa ikiwa na watu wanane waliofundishwa, wakapangwa wawili wawili, usiku na mchana, wengine wakiendelea na kazi zao za kila siku hadi waitwe, mzigo unabebeka. Mazoezi hayahitaji mgonjwa wala semina ya hotelini. Kipande cha nyama chenye mpira uliojazwa maji kinatosha kumfundisha mtu kuifuata ncha ya sindano kwenye kioo, na zoezi hilo likifanyika mara moja kwa mwezi, wakiwa wamevaa glovu mbili na miwani, mikono inazoea.

Wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zina vitengo vya dharura na vyote vina mipango iliyoandikwa. Kinachohitajika kuongezwa katika mipango hiyo ni kifupi. Kila hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa kuanzia mikoa ya mipakani kama Kagera na Kigoma, iwe na kasha lililofungwa lenye probu yake, mifuko ya kuifunika, vifuko vya jeli, plasta za kushikiza mirija, boksi la sindano, na dawa ya kutakasa inayokubaliwa na mtengenezaji. Kasha likaguliwe kila robo mwaka kama linavyokaguliwa gari la zimamoto. Orodha ya zamu iandikwe majina mawili kwa sindano ya dharura, anayechoma na anayetazama, na yule anayetazama alipwe posho ya hatari sawa na mwenzake, bima sawa, chanjo sawa zinapokuwepo.

Januari 30, 2025, Uganda ilitangaza tena Ebola ya Sudan, na mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi wa Hospitali ya Mulago, tayari amefariki. Mlipuko ulimalizika Aprili 26. Muda ulio kati ya mlipuko mmoja na mwingine ndio wa kuyaandika majina hayo mawili, na katika ukanda huu muda huo umekuwa ukihesabika kwa miezi.